Kumfuta Vumbi Mbwa Mwitu

Nairn, kaskazini ya Skoti, alfajiri ya Januari;
jua la huku halichomozi, huombwa.
Nafungua jumba la makumbusho kwa funguo nne,
wa mwisho hung'ang'ania mpaka niutukane Kirangi.
Kisha ndoo, dekio, dasta,
na yeye ndani ya kabati la vioo,
mguu mmoja juu, kama aliyesikia akitajwa
akasahau kuushusha.

Lugha yangu haikumpa jina lake mwenyewe.
Twasema mbwa mwitu, kana kwamba
alikuwa mbwa, akagombana na mwenye nyumba, akahama.
Katika Biblia ya bibi alipita hivyo hivyo,
kwa ngozi ya kondoo ya kuazima,
nami nilimchora na madoa, mgongo umeteremka nyuma,
maana ubaya wote niliopata kuuona
ulikuwa na sura ya fisi.

Kondoa, fisi ndiye mbebaji.
Mbuzi akipotea, fisi. Mtoto akiugua,
yupo aliyempanda fisi usiku.
Jirani yetu Mwanabaraka, mjane, alihamishwa
kwa unyayo mmoja tu mbele ya mlango wake.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilibeba sufuria zake
hadi barabarani, nikarudi, nikanawa mikono.

Huku fisi hawana. Walikuwa na huyu.
Wakamwinda kwa mitego na kwa moto,
wakalipana kwa kila kichwa,
wakazika wafu wao visiwani asiwafukue,
hadi siku moja, wanasema, mtu alirudi kwake
na kichwa cha mwisho ndani ya blanketi.
Usiku ule kondoo walilala.
Watu ndio walikesha,
na hofu nzima mikononi, haina kazi.

Basi wakaanza kumvaa.
Yupo kwenye fulana ya kijana wa baa,
yupo begani kwa muuza samaki, wino wa bluu,
anaulilia mwezi ambao hajawahi kuudai.
Yupo kwenye kopo la bia, kwenye shuka za watoto.
Adui akishakufa hupewa ukuta.
Binti yangu Shamimu amerudi na masikio ya karatasi:
"Mama, leo mimi ndiye kiongozi wa kundi!"
Nikamfunga uzi vizuri kisogoni.
Sikumwambia neno hilo nililisikia wapi mara ya mwisho:
dukani, foleni ya mkate, tulikuwa wanne,
na mtu nyuma yetu, si kwa sauti kubwa,
"Siku hizi wanakuja kwa makundi."

Jumatatu bomba lilipasuka, maji yakaingia chini ya kabati.
Mzee Torquil, mlinzi, akashika huku, mimi kule,
tukamwinua. Mwepesi! Kama tenga tupu.
Pumba za mbao, waya, basi.
Na chini ya ubao, karatasi, wino wa kahawia:
Amenunuliwa Riga, 1888. Jike.

Jike. Tena si wa hapa.
Torquil akavua miwani, akaivaa, akaivua.
Miaka thelathini anawaambia watoto
hili ndilo dume la mwisho la milima yetu.
"Ulijua?" nikamuuliza.
Akayatazama maji. "Dekia," akasema,
si kwa amri; kama mtu anayeomba chumvi.

Nikadekia.

Alhamisi wanafunzi watakuja,
watabandika pua kwenye kioo, watapiga uuu, uuu,
na mmoja atalia kwa hofu ya kweli. Hakosi.
Mimi nitakuwa ngazini, na ndoo yangu.
Sasa kila alfajiri naanzia masikioni, taratibu,
nashuka shingoni, mbavuni,
pale manyoya yalipoliwa na nondo.
"Mwenzangu," namwambia, "umeamkaje?"
Macho ya njano, ya kioo, kazi ya fundi
ambaye hakuwahi kutazamwa na mbwa mwitu,
yanapita juu ya bega langu kuelekea mlangoni.
Mguu bado uko juu.